Goti Halina Grisi

Daktari alijaza bomba la kwanza la mililita 20, akalichomoa, akachomeka la pili kwenye sindano ileile iliyobaki gotini, nalo likajaa. Kilichotoka kilikuwa maji ya manjano, mazito kidogo, yenye kunata kama ute wa yai. Shangazi yangu alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kupimia, khanga imekunjwa hadi pajani, macho kayakodolea yale mabomba mawili kwenye kisahani cha chuma.

"Mwanangu," akamwambia daktari, "hayo ndiyo nini?"

"Ute wa goti, mama. Umezidi."

Shangazi akanigeukia mimi. "Si walisema mafuta yamekwisha?"

Walisema. Kwa miaka sita walisema wote: jirani wa nyumba ya pili, kijana wa duka la dawa, sauti nene ya redioni kwenye kipindi kilicholipiwa na muuza dawa, hata tabibu mmoja aliyeinua picha ya eksirei dirishani kwa muda wa kupiga chafya na kutamka, "Mama, hapa mafuta yamekauka, mfupa unasaga mfupa." Kwa miaka sita shangazi aliishi kwa kauli hiyo. Alikunywa maji ya bamia kila alfajiri kabla ya chai. Alikunywa supu ya kongoro hadi akaichukia. Na aliacha kutembea, ili asimalize kile kidogo kilichobaki.

Kauli hiyo ndiyo ninayogombana nayo. Najua wengi wataniona nahangaika na kitu kidogo: mtu anaumwa goti, kuna haja gani ya kubishana kama ni mafuta au si mafuta? Haja ipo, kwa sababu karibu kila kosa tunalofanya juu ya magoti na nyonga zetu, kuanzia kwenye kiti cha plastiki barazani hadi mlangoni kwa daktari wa upasuaji, limezaliwa na sentensi hiyo moja.

Tuipe haki yake kwanza. Ina mvuto. Goti linalia ka-ka-ka mtu akiinama, na chuma kisicho na grisi hulia vivyo hivyo. Goti hukaza asubuhi, na bawaba yenye kutu hukaza vivyo hivyo. Kila mmoja wetu amewahi kusimama gereji akaonyeshwa bushi iliyolika, fundi akiigeuza kwenye kiganja chenye mafuta machafu na kusema, "Umeona, bosi?" Tumeona. Tena lugha yenyewe ilitutangulia zamani. Maumivu ya viungo tunayaita baridi yabisi, na yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya kavu. Jina limetoka katika tiba ya kale ya Wayunani na Waarabu, iliyoyagawa maumbile kwa joto na baridi, kwa ukavu na umajimaji. Kwa hiyo kabla gari la kwanza halijashushwa bandarini, watu wa pwani walikwisha kuambiwa kuwa kiungo kinachouma ni kiungo kilichokauka. Gereji ilikuja kutia muhuri tu.

Sasa tuuangalie huo ute. Goti zima, goti la kijana anayecheza mpira ufukweni, lina ute mchache mno, mililita chache zisizojaza kijiko cha chai. Goti linaloumwa ndilo ambalo mara nyingi lina ute mwingi. Utando unaolifunika kwa ndani umechokozwa, unatoa majimaji kupita kiasi, goti linavimba na kujaa. Shangazi alitolewa mililita 40, na kesho yake alikunja mguu kwa wepesi aliokuwa ameusahau. Mtu aliyeambiwa anakosa mafuta alipata nafuu kwa kupunguziwa.

Kuna jambo moja ninalolikubali bila kinyongo: ute wa goti lenye ugonjwa huwa mwepesi kuliko kawaida, umepoteza sehemu ya utelezi wake. Lakini hayo ni matokeo ya ugonjwa. Kuuita wepesi huo chanzo ni sawa na kusema nyumba imeungua kwa sababu ya majivu.

Kiini cha ugomvi wangu kiko kwenye gegedu. Hili ni lile tabaka jeupe, laini, la milimita chache, linalofunika ncha za mifupa pale zinapokutana. Ukiuvunja mguu wa kuku unaliona liking'aa. Gegedu halina mishipa ya damu. Halipati chakula kama msuli au ngozi inavyopata. Linakula namna dodoki linavyokunywa maji: ukikanyaga, linabanwa na kutema, ukiinua mguu, linafunguka na kufyonza ute pamoja na virutubisho vilivyomo. Hatua baada ya hatua, siku nzima, miaka yote. Hapo ndipo mfano wa gari unapovunjika vipande viwili, maana beringi huliwa kwa kuzungushwa, na gegedu hula kwa kuzungushwa.

Ushahidi hauko kwenye nadharia peke yake. Mwaka 2017 Ian Wallace na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo ya kuchunguza mifupa ya Wamarekani zaidi ya 2,000 waliokufa wakiwa na umri wa miaka 50 au zaidi: wa kale waliowinda na kulima, wa zama za viwanda vya mwanzo, na wa siku hizi. Alama za ugonjwa wa goti zilionekana kwa watu 8 katika kila 100 wa kale, 6 katika 100 wa zama za viwanda, na 16 katika 100 wa siku hizi. Hata walipoweka kando tofauti za umri na uzito, wa leo bado walikuwa kama mara mbili ya waliotangulia. Ingekuwa goti ni beringi, kibarua wa karne ya kumi na tisa, aliyesimama na kubeba tangu utoto, ndiye angeongoza. Mwaka huohuo uchambuzi mwingine ulilinganisha wakimbiaji na wasiokimbia: ugonjwa wa goti au nyonga ulikutwa kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, na asilimia 10.2 ya wanaokaa tu. Waliokimbia kwa mashindano walifika asilimia 13.3, nami siwezi kuificha takwimu hiyo. Mwili una mipaka, na kuli anayeshusha magunia kwa miaka 30 analipa kwa magoti yake. Goti lililoumia ujanani, kano ikakatika uwanjani, nalo hudai baadaye. Ila hao sio wanaojaza mabaraza yetu. Mabarazani wamejaa watu waliokalishwa.

Na jinsi wanavyokalishwa nimeiona kwa macho yangu. Nyumbani kwa shangazi, Tanga, watoto waliichukua mbuzi ya kukunia nazi na kuipandisha juu ya kabati. Wakachukua ufagio. Mtungi ukahamishiwa karibu na mlango ili asitembee hadi uani. Kila alipojaribu kunyanyuka, sauti tatu zilimkuta njiani: "Kaa mama, kaa, utaletewa." Yote hayo ni mapenzi, na ukimwambia binti yake kwamba anamdhuru mama yake kwa kumletea chai atalia, na atakuwa na haki ya kulia. Lakini mtaalamu wa mazoezi tiba alipoizungusha futi ya fundi cherehani kwenye mapaja ya shangazi, paja la mguu unaouma lilikuwa jembamba kuliko lenzake kwa sentimita tatu. Msuli wa mbele ya paja ndio unaolishika goti lisiyumbe. Ukinyauka, kila hatua inalipiga goti bila kizuizi, maumivu yanazidi, mgonjwa anakaa zaidi, msuli unanyauka zaidi. Na mwili unaokaa unanenepa. Stephen Messier na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini inalipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Igeuze hesabu hiyo upande wa pili uone kilo nane alizoongeza shangazi kwa miaka sita ya kiti cha plastiki zilifanya nini.

Denmark wanao mpango wa tiba ulioanza mwaka 2013: mgonjwa anafundishwa habari ya goti lake katika vipindi viwili au vitatu, kisha anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, chini ya msimamizi. Hakuna mashine ya ajabu humo. Kukaa na kuinuka kitini. Kupanda ngazi moja na kushuka. Kusimama kwa mguu mmoja ukishika meza. Nchi nyingine zimeuiga. Shangazi alipewa mazoezi ya namna hiyo na akakasirika, akidhani anafukuzwa bila dawa. "Nimekuja na nauli ya basi kutoka Tanga niambiwe nikae niinuke?" Hasira yake naielewa. Kwetu dawa ni kitu kinachomezwa, kinachochomwa au kinachopakwa. Kinachofanywa na mgonjwa mwenyewe kinaitwa kutelekezwa. Naye aliuliza swali la mtu mwenye akili: je, nikifanya huku panauma, siendelei kusaga? Jibu ni kwamba maumivu ya wastani yanayotulia ndani ya siku moja si alama ya uharibifu. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Aliambiwa mafuta.

Ukishaamini kwamba kuna kilichokauka, hatua inayofuata ni kutafuta cha kulainisha. Bamia sitakaa nayo sana. Utelezi wa bamia unaishia tumboni, ambako humeng'enywa kama chakula kingine. Hakuna bomba litokalo tumboni hadi gotini. Kongoro ni supu tamu, na protini yake huvunjwavunjwa kabla ya kuingia kwenye damu. Anayeipenda na anywe. Vidonge vya glukosamini, vinavyouzwa kwa bei ya kuumiza kuliko goti lenyewe, vilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,583, matokeo yakachapishwa mwaka 2006: kwa wagonjwa kwa jumla havikuishinda dawa bandia isiyo na kitu.

Grisi ya kitaalamu ni sindano ya asidi ya hialuroniki, ile ambayo kliniki za mjini huiita sindano ya kulainisha goti. Jina lenyewe limeazimwa gereji. Mwaka 2022 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 169 yenye wagonjwa zaidi ya 21,000, na kilichoonekana ni nafuu ndogo kiasi kwamba mgonjwa wa kawaida hawezi kuihisi, pamoja na ongezeko la madhara makubwa. Sindano ya steroidi ni habari nyingine: inatuliza kweli, kwa wiki kadhaa, na goti likiwa limefura inaweza kumfungulia mtu nafasi ya kuanza mazoezi. Ila kuigeuza kuwa huduma ya kila miezi mitatu, kama kubadilisha oili, kuna bei yake. Katika jaribio la wagonjwa 140 lililochapishwa mwaka 2017, waliochomwa steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi kuliko waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakuwa nafuu zaidi.

Kinachonitia hofu hasa ni ule unga. Unakuja kwenye bahasha ya kaki, unaitwa mizizi, na unafanya kazi siku ya tatu. Jirani wa shangazi aliutumia. Alinyanyuka, akacheza ngoma harusini, mtaa mzima ukatuma watu kununua. Miezi michache baadaye uso wake ulikuwa mviringo na umejaa, ngozi ya mikono imekuwa nyembamba kama karatasi ya sigara, sukari imepanda, na siku alipoukosa unga hakuweza kuinuka kitandani. Mzizi unaofanya hayo yote kwa mpangilio huo una jina la kiwandani. Kuchanganya steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni kimyakimya kwenye dawa zinazoitwa za asili kumegunduliwa katika nchi nyingi. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya maungio vilivyokutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko. Steroidi zikitumika kwa wingi na kwa muda zinaweza kukata damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, kikafa na kubonyea. Mtu anameza unga kwa ajili ya goti, anazika nyonga.

Diklofenaki nayo inanunuliwa kwetu kama pipi. Ni dawa halali, na ya kupaka juu ya goti ni chaguo zuri la kuanzia. Ya kumeza mwezi hadi mwezi inatoboa tumbo, inachosha figo na kupandisha presha, na wanaoimeza zaidi ni wazee ambao presha wanayo tayari.

Kuna dhambi nyingine ya kauli ya mafuta, nayo ni uvivu: inajibu kila swali. Mama wa miaka 35 ambaye vidole vya mikono yote miwili vimevimba, vinakaza kila asubuhi kwa zaidi ya saa nzima, anaambiwa mafuta. Huyo huenda ana ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo, na methotreksati, dawa ya kumezwa mara moja tu kwa wiki, ikianzwa mapema humwokolea mikono. Kila mwezi wa bamia ni mwezi wa mifupa kuliwa. Baba aliyeamshwa usiku na kidole gumba cha mguu kinachowaka hata shuka likikigusa, ana gauti, ambayo ina dawa yake ya kushusha asidi ya yuriki. Goti moja lililovimba ghafla, la moto, pamoja na homa, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Usaha unaweza kulila gegedu kwa siku chache, na hapo hakuna cha kuchua wala kukanda. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye viungo.

Halafu wapo vijana wenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo. Makadirio yanayotajwa ni takriban 11,000 kwa mwaka. Chembe zao za damu hukwama kwenye mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa paja ni mahali zinapopenda kukwama. Kijana wa miaka 22 anachechemea, nyonga inauma hadi usingizi unampaa, na kwa kuwa sote tumekubaliana kwamba viungo ni mambo ya wazee kukauka, anaambiwa anadeka. Malawi walianzisha daftari la taifa la viungo bandia mwaka 2005, na humo imeonekana kuwa mfupa kufa kwa kukosa damu ni moja ya sababu kubwa za watu kuwekewa nyonga bandia, tofauti na Ulaya ambako uzee ndio unaojaza orodha.

Wasomaji watasema nawaonea wauza dawa na wauza bamia, kana kwamba madaktari wenyewe hawana gereji. Wanayo. Kwa miaka mingi walikuwa na upasuaji wa kuingiza kamera gotini, kuosha kwa maji na kukwangua, sawasawa na fundi anavyosafisha kabureta. Wagonjwa walirudi wakishukuru. Mwaka 2002 madaktari wa Houston walichapisha jaribio la watu 180: baadhi walioshwa na kukwanguliwa, baadhi walichanjwa ngozi tu wakashonwa bila kujua. Kwa miaka miwili ya kufuatiliwa, waliodanganywa hawakuwa na hali mbaya kuliko waliooshwa. Shukrani zile zote zilikuwa za kovu.

Nikifika kwenye upasuaji wa kubadilisha kiungo, rafiki zangu hutegemea niupinge pia. Siupingi. Naupinga ujinga wa aina mbili unaouzunguka, na aina zote mbili zimetoka gereji ileile. Upo wa anayesema goti ni spea: niwekee jipya, nitoke kesho, nisihangaike na kukaa-na-kuinuka. Na upo wa anayesema gari likifunguliwa injini halirudi kuwa lilivyokuwa, kwa hiyo bora nife na goti langu.

Kinachofanyika chumbani ni kidogo kuliko neno lenyewe linavyotisha. Goti halitolewi likatupwa. Ncha ya mfupa wa paja na ya muundi hukatwa milimita chache, pale penye gegedu lililoharibika, kisha kila ncha huvalishwa kofia ya chuma, na kati yake huwekwa plastiki ngumu. Misuli ni ileile, kano nyingi ni zilezile, ngozi ni ileile. Ndiyo maana paja lililonyauka kabla ya upasuaji linaendelea kuwa paja lililonyauka baada yake, na ndiyo maana mgonjwa anasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake huku akitukana. Mazoezi aliyoyakimbia yanamsubiri upande wa pili.

Kufika hapo hakukuwa rahisi. Mwaka 1890 Themistocles Gluck wa Berlin alipachika goti la pembe ya ndovu kwa mgonjwa aliyekuwa na kifua kikuu cha goti. Ni enzi zilezile ambazo Bagamoyo na Zanzibar zilikuwa zikisafirisha pembe kwa shehena. Usaha ulizishinda kazi zake. Katika miaka ya 1950 Mwingereza John Charnley alitengeneza nyonga yenye kikombe cha Teflon, akaiweka kwa wagonjwa karibu 300, na baada ya miaka michache vikombe vikalika na tishu zilizovizunguka zikaharibika. Alijipandikiza vipande vya Teflon na vya plastiki nyingine kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili utafanyaje. Mwaka 1962 akaanza kutumia polithilini, na nyonga tunazowekewa leo ni wajukuu wa ile. Napenda kisa hiki kwa sababu mtu aliyekuwa karibu kabisa na vyuma na plastiki ndiye aliyejua kwamba mwili hauchukulii kitu kama chasisi inavyochukulia boliti.

Matokeo ya leo ni mazuri. Kwa kumbukumbu za mataifa zilizokusanywa mwaka 2019, magoti 82 kati ya 100 yalikuwa bado kazini baada ya miaka 25, na nyonga 58 kati ya 100. Lakini kati ya mgonjwa mmoja kwa kumi na mmoja kwa watano hubaki na maumivu ya goti hata chuma kikiwa kimekaa sawa kabisa, jambo ambalo spea ya gari haiwezi kulifanya. Jaribio la Denmark la mwaka 2015 linafundisha kuliko yote: wagonjwa 100, wote wanaofaa kufanyiwa upasuaji, nusu wakapewa upasuaji pamoja na mazoezi, elimu na kupunguza uzito, nusu wakapewa hayo ya mwisho bila upasuaji. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu kama mara mbili ya wenzao. Pia walipata madhara makubwa mara 24, wenzao mara 6. Na katika kundi lisilopasuliwa, robo tu walikuwa wameomba upasuaji. Anayeogopa kisu asome sentensi ya nafuu. Anayekikimbilia asome ile ya robo.

Wanaoogopa hufika wamechelewa. Mguu umepinda tege, goti halinyooki tena, mgonjwa hajatoka nje mwaka mzima. Aliyeingia akiwa hoi hutoka akiwa na nafuu, ila hamfikii aliyeingia angali anatembea. Zamani jibu lilikuwa kwamba huduma iko India. Leo nyonga na magoti yanabadilishwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Bei inabaki kuwa kikwazo kikubwa kwa asiye na bima, na hilo hakuna mfano wa dodoki utakaolitatua. Ila miaka sita ya bahasha za kaki, bamia na sindano nayo ina jumla yake. Nilimfanyia shangazi hesabu nyuma ya kalenda. Aliomba niigeuze.

Mganga mmoja rafiki yangu, wa hospitali hasa, huniambia nahangaika bure: mgonjwa anahitaji lugha rahisi, na mafuta ni lugha rahisi. Namjibu kuwa dodoki nalo linauzwa sokoni.

Shangazi amewekwa kwenye orodha ya goti la kushoto, na anafanya kukaa-na-kuinuka mara kumi, asubuhi na jioni, akihesabu kwa sauti ili binti yake asikie. Kwa daktari wa upasuaji alikuwa na maswali mawili. Kusujudu? Wengi hushindwa kukunja goti bandia hadi mwisho, kwa hiyo ajiandae kuswali kitini, jambo alilokuwa akilifanya tayari. Na mbuzi ya nazi? Daktari, ambaye naona hakukulia pwani, alihitaji kuelezwa kwanza ni kitu gani, kisha akatikisa kichwa. Shangazi aliporudi Tanga akamwita seremala wa mtaani. Mbuzi imeshushwa kutoka juu ya kabati na kupigiliwa miguu minne mirefu, iko juu sawa na kiti cha kulia chakula, na watoto wa jirani wanaiita ngamia.